Jina la Mwenye Biskuti

Mara tisa biskuti za tangawizi za Nanyama zilishinda kwenye Sho ya Kitale, yale maonyesho ya kilimo ya kila mwaka, na mara tisa aliyepigiwa makofi alikuwa mtu mwingine.

Huyo mwingine alikuwa Memsabu, Mzungu mwenye shamba la mahindi na ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji. Nanyama alimpikia miaka kumi na minne. Kila mwaka sho ikikaribia, Memsabu alikuja akasimama mlangoni pa jiko na kusema, "Meri, zile biskuti." Meri ndilo jina alilompa siku ya kwanza, kwa kuwa Nanyama lilimshinda mdomoni, na Agneta, jina lake la ubatizo, ati lilikuwa la nyanya yake Memsabu, haliwezi kuitiwa mpishi. Basi Meri akatwanga tangawizi, Meri akachunga moto, Meri akapanga biskuti kwenye sahani ya maua. Memsabu akavaa kofia yake, akaenda nazo, akarudi na utepe mwekundu na kadi ya mshindi. Kadi alizipigilia ukutani jikoni, ili Meri naye afurahi. Nanyama alikuwa amefika darasa la tatu kwa wamisheni, kwa hiyo kusoma alijua. Kila alipokoroga uji aliinua macho akasoma jina la mtu ambaye hakujua hata unga unakaa kabati gani.

Akaendelea kukoroga. Nanyama hakuwa mtu wa haraka. Kwao walimtania kwamba anaweza kuanika maharagwe mabichi juani akangoja yaive.

Mwaka wa sabini na tisa Memsabu aliuza shamba akarudi Uingereza. Nanyama akarudi kwake Kamukuywa. Akamzika mumewe, mzee Wekoye. Akamwoza binti yake Nasimiyu kwa kijana mmoja mpole aliyeitwa Jairus, karani katika ofisi ya kilimo huko Kitale. Akapata wajukuu. Kwa sherehe ndogondogo, Krismasi au ubatizo, alioka zile biskuti, na watu walikula wakashukuru wakaenda zao.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nane, kwenye chai ya akina mama baada ya kanisa, ndipo jirani yake Chepkemei aliuma moja akaacha kutafuna. Chepkemei alitoka huko juu Mlima Elgon, akaolewa Kamukuywa, na hakuwahi kuzoea upole wa watu wa chini.

"Mama Nasimiyu! Hii kitu umeificha wapi miaka yote?"

Nanyama akamweleza. Habari ya Memsabu, ya zile kadi, ya Meri. Chepkemei akaweka kikombe chini kwa kishindo hadi chai ikaruka.

"Ati mara tisa? Na wewe ulinyamaza tu kama kondoo?"

"Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Nanyama alifungua mdomo, akakuta hana jibu. Usiku ule jibu halikuja, na kesho yake pia. Wiki ile ile Chepkemei akaja na fomu ya sho aliyoitoa Kitale, akaiweka mezani, akaweka na kalamu juu yake. Mstari wa kwanza uliuliza jina la mshindani. Nanyama aliandika kwanza kwa penseli, akaangalia, ndipo akapita juu yake na wino: AGNETA NANYAMA WEKOYE.

"Mwenye kushinda anaitwa kwa ile spika kubwa," alisema polepole. "Inasikika hadi Kipsongo, mwisho wa mji. Nataka kulisikia hili jina likiitwa huko. Mara moja tu, kabla sijafa."

"Basi oka," Chepkemei akamwambia.

Kuoka si kusema. Kwa Memsabu kulikuwa na jiko la chuma lenye mlango, shira nyeusi ya kopo kutoka ng'ambo, na unga wa kuumulia wa mkebe. Kamukuywa Nanyama hakuwa na hata kimoja. Lakini alikuwa na akili ya mtu aliyekaa na moto miaka arobaini.

Mahali pa shira aliweka sukari guru, ile nyeusi inayopikwa kwenye mitambo ya miwa, akaiyeyusha kwa moto mdogo hadi ikavutika kama gundi. Tangawizi alikausha mwenyewe juu ya bati, akaitwanga na mdalasini na karafuu mpaka wapita njia wakaanza kupiga chafya. Mahali pa unga wa kuumulia alitumia ile chumvi ya kienyeji ambayo kila mama wa Kibukusu anaijua: unachoma maganda makavu ya maharagwe, majivu unayatia kwenye chombo chenye matundu, unamimina maji juu yake, na yanayodondoka chini, meusi kama chai ya rangi, ndiyo hayo. Watu huyatia kwenye mboga ili zilainike. Nanyama aliyatia kwenye unga.

Mara ya kwanza aliyatia mengi. Biskuti zikawa chungu hivi kwamba alizitupia kuku, na kuku wakaziangalia, wakamwangalia yeye, wakaondoka.

"Hata kuku!" Chepkemei akacheka mpaka akakaa chini. "Tutapeleka nini Kitale, dawa ya minyoo?"

"Kijiko kimoja," Nanyama alijisemea. "Si viwili."

Jiko lenyewe lilikuwa kichuguu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kichuguu kikubwa ambacho mchwa walishakihama. Alikichimba tumbo kwa jembe, akakisiriba ndani kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, akakata kipande cha bati kiwe mlango. Alikiwasha kwa magunzi ya mahindi, akangoja yawe makaa, akayakokota nje, akafagia kwa majani mabichi. Kisha ndipo kazi ya kweli ilipoanza, nayo ilikuwa kungoja. Alitupa ndani ganda moja jeupe la hindi, akasimama akiimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisa. Ganda likiungua kabla ubeti haujaisha, moto bado mkali. Likibaki jeupe, umechelewa. Linatakiwa ligeuke rangi ya chai ya maziwa pale pale anapofika amina.

"Weka sasa!" Chepkemei alihimiza, trei mikononi.

"Bado."

"Mama Nasimiyu, sho itaisha tukiwa hapa!"

"Bado. Ganda halijasema."

Ganda likasema. Biskuti zikaingia, na zilipotoka zilikuwa nyeusi-nyekundu kama udongo wa shamba baada ya mvua, zimepasuka juu mistari midogo, na harufu yake ilimtoa mwalimu wa Sunday School nje ya nyumba yake ng'ambo ya barabara.

Palibaki shaka moja tu, nayo ilikuwa Jairus.

Kwa Wabukusu, watu wake Nanyama, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali chumba kimoja, na jina la mama mkwe halipiti mdomoni mwa mkwe hata kwa bahati mbaya. Si chuki. Ni heshima iliyojengewa ua. Miaka saba Jairus alikuwa akimsalimu Nanyama akiwa nje ya ua, amegeukia barabara, naye Nanyama akimjibu kutoka ndani ya jiko. Walipendana sana kwa njia hiyo.

"Mama, usiwe na wasiwasi," Nasimiyu alikuwa ametuma ujumbe. "Mwaka huu Jairus amepangwa upande wa ng'ombe. Huko kwa mapishi hatafika."

Asubuhi ya sho walipanda trela ya trekta ya kaka yake Chepkemei iliyokuwa ikipeleka fahali. Nanyama alipakata mkebe wa biskuti kama mtoto mchanga. Katika hema la mapishi walipewa meza nambari kumi na saba. Wakatandika kitambaa cha kufuma kilichofika chini, wakapanga biskuti kwenye sahani, wakasimama.

Meza ya jirani ilikuwa ya mama mmoja wa mjini mwenye wigi, biskuti zake zimepakwa krimu ya waridi. Alizitazama zile nyeusi kwa huruma.

"Mama, samahani. Hizo ziliungua, ama umeleta makaa ya kuuza?"

"Makaa hii," Chepkemei akamjibu, "ukiuma moja tu utasahau njia ya kwako."

Watu wa meza za karibu wakacheka, hata mwenye wigi mwenyewe. Nanyama naye alikuwa anaanza kucheka aliposikia sauti ya mwanamume mlangoni mwa hema: "Haya, Madam, tuanzie upande huu."

Sauti hiyo aliijua. Ilikuwa imemsalimu kutoka nje ya ua miaka saba.

Mtangazaji wa mapishi alikuwa ameamka sauti imekauka, na wakubwa wakamtoa Jairus kwa ng'ombe, wakampa makaratasi na spika ya mkononi. Nanyama hakungoja kuelezwa haya. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alifanya jambo haraka. Aliinua kitambaa akaingia chini ya meza, na mkoba wake.

Mwamuzi alikuwa Madam Peris, mwalimu wa mapishi, mrefu, mkali, aliyehamia majuzi kutoka Nyeri. Alipita meza kwa meza na kijiko chake, Jairus nyuma yake akiandika. Walipofika kumi na saba, Madam Peris akaangalia huku na huku.

"Mwenye meza yuko wapi?"

"Yuko, Madam," Chepkemei akasema.

"Wapi?"

"Yuko tu... karibu."

Jairus akashuka na kidole kwenye orodha ili amwambie Madam jina. Kidole kikafika kumi na saba. Kalamu ikamwanguka. Akageuka nyuma mara moja kama askari aliyeamriwa, akatazama turubai la hema.

"Karani, umepatwa na nini?"

"Hakuna kitu, Madam. Endelea tu. Nitaandika nikiwa hivi hivi."

"Ukiangalia ukuta?"

"Masikio yanafanya kazi, Madam."

Madam Peris akatikisa kichwa, akachukua biskuti. Ililia *ka!* kati ya meno yake. Akatafuna. Akafumba macho. Akachukua ya pili, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwenye meza yoyote.

"Hii imeumuliwa na nini? Huu si unga wa dukani."

Chepkemei akashusha macho kwenye kitambaa cha meza. Yeye alijua kula tu.

"Ni chumvi ya majivu, Madam," meza ikasema. "Majivu ya maganda ya maharagwe. Kijiko kimoja, si viwili."

Madam Peris akaruka. Akainua kitambaa, akaona mwanamke mzee mwenye kilemba safi amechutama, mkoba magotini.

"Mama! Unafanya nini huko chini?"

"Namheshimu mkwe wangu."

Wabukusu waliokuwa karibu wakaelewa mara moja, na kicheko kikazunguka hema lote. Madam Peris hakucheka. Hakuwa mbaya, lakini sheria kwake zilikuwa kama vipimo vya keki.

"Mama, sheria inasema mshindani asimame mezani pake, aulizwe, ajibu. Biskuti zako ni nzuri. Lakini usiposimama nitalikata jina lako kwenye orodha. Sitapenda, ila nitalikata."

Kulikata jina. Chini ya meza, Nanyama alilirudia neno hilo. Akitoka, atamvunjia mkwe wake heshima mbele ya Kitale nzima. Akibaki, atakuwa Meri tena, na safari hii amejifanya Meri mwenyewe. Alikaa hapo akiwaza, kwa kuwa hata hapo hakuweza kuwaza haraka.

"Chepkemei," alisema hatimaye. "Leso yako."

Chepkemei hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akaifungua leso kiunoni, akashika pembe moja juu. Upande wa pili ulikuwa unaning'inia, na hapo mama mwenye wigi akaacha krimu zake, akaja akaushika.

"Karani!" Chepkemei akapaza sauti. "Usigeuke!"

"Sigeuki, mama! Hata tetemeko la ardhi likija!"

Basi nyuma ya ukuta wa leso, Nanyama akatoka chini ya meza, akakung'uta magoti, akasimama wima. Aliulizwa habari ya moto, akaeleza kichuguu na ganda la hindi. Aliulizwa habari ya shira, akaeleza sukari guru. Aliulizwa nani alimfundisha.

"Moto, Madam."

Madam Peris akaandika alama mwenyewe, kwa kuwa karani hakuthubutu hata kugeuka kuokota kalamu.

Saa tisa watu walijaa mbele ya jukwaa. Nanyama alisimama mbali, nyuma kabisa, mgongo wa Chepkemei ukimkinga. Jairus akapanda juu, akashika spika. Akamtaja wa tatu, mama mmoja wa Kimilili, makofi. Akamtaja wa pili, na mama mwenye wigi akapiga vigelegele vyake mwenyewe.

"Na wa kwanza," Jairus akasema, "upande wa biskuti, ni..."

Spika ikanyamaza. Ikakohoa.

"Wa kwanza ni..."

Jairus alikunja karatasi, akaikunjua.

"Wa kwanza ni meza nambari kumi na saba."

"Jina!" watu wakapiga kelele. "Meza haipiki! Jina!"

"Ni mama... ni mzazi wa... Jamani, ni meza kumi na saba!"

"Jina! Jina!"

Huko nyuma Nanyama alisikia yote. Alimhurumia kijana wa watu, maana alijua hata wangemchinja, jina lile halingetoka. Lakini pia alijua meza ile ilikuwa ya wenye sho, na kesho ingerudishwa stoo. Miaka tisa aliambulia ukuta wa jiko, na leo aambulie nambari? Hapo, katikati ya zile kelele, jibu alilokosa kumpa Chepkemei siku ya chai likamjia. Alikuwa amengoja mtu mwingine amtaje.

Akamsogeza Chepkemei kando, akaanza kutembea. Hakukimbia. Alikwenda mwendo wake, watu wakampisha. Jairus aliona kilemba kinakuja. Akaiweka spika juu ya kiti, taratibu, asije akampa mkononi, kisha akaruka chini upande wa pili wa jukwaa, akatua kando ya vizimba vya bata mzinga. Bata mzinga wote wakaitikia kwa makelele. Akafunika uso kwa kofia, akabaki hapo.

Nanyama akapanda ngazi tatu. Akaichukua spika kwa mikono miwili.

"Naitwa Agneta Nanyama Wekoye," alisema, na sauti yake ikatoka kubwa hivi kwamba yeye mwenyewe alishtuka. Ilipita juu ya hema, juu ya ng'ombe, ikaenda zake hadi Kipsongo. "Natoka Kamukuywa. Hizi biskuti ni zangu. Na zile za mara tisa, wakati ule wa Memsabu wa shamba la juu, wenye kukumbuka mnakumbuka. Zile pia zilikuwa zangu. Nanyama. Si Meri."

Chepkemei akapiga ukelele wa kwao mlimani, na uwanja mzima ukalipuka. Wazee waliowahi kuchunga ng'ombe wa Memsabu wakarusha kofia juu. Hata nyuma ya bata mzinga palisikika makofi, ya mikono miwili tu, lakini yenye nguvu kuliko yote.

Kamukuywa walikuwa wameshapata habari kabla trekta haijafika. Akina mama wa kanisa waliwapokea njiani na matawi, wakamshusha Nanyama kwenye trela wakicheza, wakamzungusha soko lote. Kichuguu kikawashwa tena. Biskuti zilitoka trei baada ya trei, watoto wakala hadi masikioni, na kila aliyepita aliambiwa kisa cha meza iliyosema. Kila aliyekisimulia alikirefusha kidogo.

Nasimiyu alikuwa amekuja na trekta ile ile. Alimkuta mama yake ameketi jikoni, miwani puani, ameshika kadi ya mshindi ambayo Madam Peris alimpa pale jukwaani. Jina lilikuwa limeandikwa kwa wino mwekundu, herufi pana, zilizonyooka kama nguzo za lango.

"Mkono wa nani huu?" Nanyama akauliza. "Mzuri hivi?"

"Wa Jairus, mama. Kadi zote anaandika yeye. Hii aliiandika mara tatu, mbili akachana, ati hazijanyooka." Nasimiyu akacheka. "Anasema mdomo una mwiko, lakini kalamu haina."

Nanyama aliitazama kadi muda mrefu. Kisha akainuka, akajaza mkebe biskuti zilizotoka motoni, akafunika vizuri.

"Mpelekee. Asile mbele yangu, lakini ale. Na mwambie nimemsikia akipiga makofi."

Chepkemei akaingia na nyundo na misumari minne, akapima ukuta juu ya mafiga kwa macho. "Lete hiyo kadi, Mama Nasimiyu, tuipige hapa watu waone!"

"Bado," Nanyama akasema, akasogeza miwani. "Ngoja niisome tena."